Kivuli cha Nyumba ya Magurudumu

Ijumaa, 14 Juni 1957

Leo nimeona nyumba inakuja barabarani. Na sikuwa nimekunywa chochote. Nyumba kamili: dirisha, pazia la maua, bomba la moshi, magurudumu sita. Imetoka upande wa kivuko ikitikisika polepole, ikapita soko la Ifakara, ikasimama uwanjani mbele ya kwetu. Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama mmoja akashusha ngazi ya hatua tatu, akamwaga maji ya kuoshea vyombo, akapanda tena. Tangu nizaliwe sijaona kitu kizuri hivyo.

Mwenyewe anaitwa Hermenegildi, mpiga picha, mtu wa Mahenge. Alipata lori kuukuu la jeshi akajenga chumba cha mbao juu yake kwa mikono yake mwenyewe. Ndani mna kitanda, kabati, jiko la mafuta, na pembe moja yenye giza ya kusafishia picha. Yeye na mkewe Serafina wanazunguka bonde zima wakilala humo humo. Anavaa kofia. Anasema polepole. Nilimwamkia shikamoo ingawa nadhani tunalingana umri. Mtu mwenye nyumba inayotembea anastahili.

Ana shida moja tu: kivuli. Mchana chumba kinawaka moto, na watu wakipigwa picha juani wanatoka wamefumba macho kama maiti. Alikuwa na turubai la jeshi, zito, lenye giza chini yake, nalo limeoza. Sasa anataka kivuli cha kuweka ubavuni mwa lori, chepesi, kisimamishwe upesi na kukunjwa upesi. Amesema atakayempatia kivuli hicho atasafiri naye mpaka mvua zianze, akae kiti cha mbele, kazi yake iwe kukitandaza na kukikunja. Idete. Malinyi. Hata Mang'ula. Anaondoka Jumamosi ijayo.

Nimemwambia asihangaike tena. Mtu huyo ni mimi, Fulgensi, niliyefanya kazi kwa seremala wa misheni miezi miwili kasoro siku chache.

Jioni nimeaga nyumba kumi na moja. Dada yangu Rosa, ninayekaa naye, ameuliza naaga nini wakati sijachaguliwa. Rosa haoni mbali.

Jumamosi, 15 Juni

Nimejenga! Wengine wangeleta kijiti na kitambaa. Mimi nimechimbia nguzo sita hadi magotini, nimefunga fito, nimeezeka paa na ukuta mmoja. Banda zuri kuliko nyumba yetu. Nimelifunga ubavuni mwa lori kwa kamba ya mkonge, mafundo ishirini na nne. Nayaamini sana mafundo.

Nyasi za kuezekea ziko mbali, ng'ambo ya mto, kwa hiyo nimetumia mabua ya mpunga ya Rosa. Yako karibu. Rosa alisema mabua hayo hayajapurwa mara ya pili, bado yana punje. Nikamwambia hapa tunajenga, hatupiki.

Bwana Hermenegildi alilizunguka banda mara mbili kofia mkononi. Akalisifu. Kisha akauliza kwa upole litasafirije. Sikuwa nimefikiria hilo. Nilimwambia ni jambo la Jumatatu.

Mama Balbina alipita na mzigo wa ukindu kichwani. Huyu ni jirani yetu, mjane wa mvuvi, mwanamke wa maneno machache, na hayo machache yanauma. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akatazama banda kwa muda. Akasema ni zuri sana, na kwamba mwenye lori atakuwa amepata pa kukaa maisha yake yote. Nadhani ni wivu.

Jumapili, 16 Juni

Nimetoka Misa na kukuta banda linapiga kelele.

Ndege. Wale wale tunaowafukuza shambani tangu mpunga unapochanua. Mamia. Paa zima lilikuwa linacheza. Chini yao kuku wa Ifakara yote wakiokota kinachodondoka, na chini ya kuku, mbuzi wawili wa katekista wakila ukuta. Serafina alikuwa kwenye ngazi akipiga sufuria kwa mwiko. Nilimsaidia kupiga. Rosa alikuja akasimama akatazama mpunga wake unavyoliwa. 

Saa tisa hapakuwa na paa. Zilibaki fito na nguzo sita, imara kabisa, hakuna iliyotikisika. Nimemwonyesha Bwana Hermenegildi jinsi zilivyo imara.

Mtu huyu ni wa ajabu. Mwingine angenifukuza. Yeye alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaleta sanduku lake la kupigia picha akawapiga picha ndege. Alisema hajawahi kupata wateja waliopanga mstari vizuri hivyo. Jioni akanisaidia kung'oa nguzo. Zilitushinda mbili. Nampenda sana mtu huyu. Lazima niende naye.

Jumatatu, 17 Juni

Nimegundua kosa langu. Nilikuwa najenga kivuli wakati Mungu ameshakijenga. Mti! Kila kijiji kina mti. Hakuna cha kubeba, hakuna cha kukunja. Bwana Hermenegildi alisema miti alishaijaribu. Nilimwambia hajajaribu akiwa na mimi.

Asubuhi tulilisogeza lori chini ya mkuyu wa njia ya mtoni. Kivuli baridi, safi. Bwana arusi mmoja wa Idete na mkewe wakaja kupigwa picha wakiwa na viatu vipya. Wakati Bwana anapanga sanduku lake, jua likasogea. Maharusi wakawa juani. Tukawahamisha. Sanduku likawa juani. Tukahamisha sanduku. Lori likawa juani, na Serafina akasema kutoka dirishani kwamba anaiva pamoja na maharage.

Kuwasha injini kwa hatua kumi ni kumaliza mafuta bure, kwa hiyo niliita wanaume tisa tukasukuma. Saa sita tukasukuma tena. Saa nane tena. Kila tukisukuma, maharage yalimwagika kidogo. Nyumba ile ilizunguka mkuyu kama ng'ombe aliyefungwa. Mara ya nne niligeuka kuwahesabu wanaume nikajikuta niko na bwana arusi peke yake, amevua viatu.

Rosa amesema kama ningekuwa nafanya kazi hivi shambani tungekuwa na maghala matatu.

Jambo la kutia wasiwasi: jioni nimemwona Serafina uani kwa Mama Balbina. Wamekaa chini, wanaongea, na Mama Balbina anasuka. Nilipopita walinyamaza, kisha wakacheka. Mama Balbina hana haja ya kusafiri. Ameshasafiri. Yeye na mumewe marehemu walihama kila kiangazi kwenye kambi za uvuvi, kutoka mchanga huu hadi ule. Mimi nina miaka thelathini na minne na sijawahi kuvuka mto. Sijaiona Malinyi. Rosa anasema Malinyi ni mpunga na samaki kama hapa. Basi niuone mpunga wao na samaki wao. Nataka kwenda, na naandika hapa kwa sababu kwa mdomo nitalia.

Jumanne, 18 Juni

Usiku wazo halikuja. Asubuhi likaja lenyewe, nikiwa naifungua stoo ya kanisa.

Keshokutwa ni sikukuu ya Ekaristi. Kila mwaka maandamano hutoka kanisani, Padre akibeba Sakramenti Takatifu, na juu yake mwavuli wa miti minne: kitambaa cheupe, pindo la nyuzi za dhahabu, kilichotoka Ulaya. Wabebaji ni wanne. Mti wa mbele kulia ulikuwa wa baba yangu, na baba alipofariki Padre alinipa mimi. Ndicho cheo changu pekee duniani. Na ni kazi yangu pia, juma la sikukuu, kuuanika mwavuli juani utoke harufu ya stoo.

Kuuanika juani. Hakuna aliyesema jua la wapi.

Saa mbili mwavuli ulikuwa umesimama ubavuni mwa lori. Mwepesi! Miti minne tu! Unakunjwa! Na mwanga chini yake, sijui niuelezeje. Jua lilipita kwenye kitambaa likawa maziwa. Bwana Hermenegildi alitoka ndani na fulana, povu la sabuni usoni, wembe mkononi, akatazama juu. Akasema miaka yote ya kazi yake ameutafuta mwanga huu. Aliniuliza kitambaa kimetoka wapi. Nilisema ni cha familia. Si uongo mzima.

Akaweka kiti chini yake akaendelea kunyoa. Mimi nilifunga pande mbili kwenye bampa na ngazi, mafundo ishirini na nne, upepo usije ukauchukua.

Hapo wakaanza kupita watu wanaotoka mashambani. Wa kwanza alikuwa mama mwenye kapu la mpunga. Aliuona mwavuli, akatua kapu, akapiga magoti barabarani. Wa pili akapiga magoti nyuma yake. Watu wetu mwavuli huo wameuona maisha yao yote wakiwa wamepiga magoti, na magoti yenyewe yamezoea, hayangoji kuambiwa. Baada ya muda mfupi walikuwa watu arobaini. Mzee mmoja alishuka kwenye baiskeli akaanzisha wimbo.

Bwana Hermenegildi aligeuka. Alidhani wanamsalimu. Akainua mkono wenye wembe kuwapungia, na watu wote arobaini wakafanya ishara ya msalaba.

Nilijaribu kuwaeleza kwamba wainuke, huyu ni fundi picha. Waliinamisha vichwa zaidi. Mimi ni mbebaji wa mwavuli, waliona natangaza. Mteja mmoja aliyekuwa amekuja kupigwa picha alikataa kukaa kwenye kiti, akasema yeye si mtu wa kukaa hapo. Serafina alifunga dirisha.

Kisha ikasikika pikipiki ya Padre.

Bwana Hermenegildi ni mtu wa aibu. Alipoelewa ni mwavuli gani aliokuwa akinyolea chini yake, alipanda mbele na povu lake, akawasha injini aondoke machoni pa watu. Nilipiga kelele. Lori likaenda hatua tano. Mafundo yangu hayakufunguka hata moja.

Kitambaa ndicho kilichofunguka. Katikati, kutoka pindo hadi pindo.

Jumatano, 19 Juni

Padre hakunigombeza. Aliketi kwenye ngazi ya kanisa, mwavuli mapajani, akiupapasa mahali ulipopasuka, ndevu zikitikisika. Akasema: “Fulgensi mwanangu, baba yako aliubeba miaka kumi na tisa.” Basi. Niliomba anipige. Akasema anao watu wa kutosha wa kuwapa malipizi ya kawaida.

Malipizi yangu: kesho sitabeba mti. Nitatangulia mbele ya maandamano nikifukuza mbuzi wasile maua ya njiani.

Masista wamesema kitambaa hakishoneki kwa siku moja. Kesho Sakramenti itapita juani. Kwa sababu yangu. Nilirudi nyumbani nikalala kifudifudi mchana, na Rosa akaniletea uji.

Alasiri nimesikia watu uwanjani. Nimechungulia. Mama Balbina alikuwa amesimama kando ya lori na mzigo mmoja kichwani, mrefu, mwembamba. Akautua. Ulikuwa majamvi mawili ya ukindu yaliyoshonwa pamoja, yamekunjwa kuzunguka mianzi minne. Akafungua kamba moja. Upande mmoja akauchomeka kwenye vyuma vya paa la lori, kwa vitanzi, bila fundo. Upande wa pili akauinua kwa mianzi miwili. Akavuta. Kivuli kikawa kimesimama.

Chungu chake cha wali kilikuwa jikoni uani kwake. Alirudi kukitazama. Kilikuwa hakijachemka bado.

Nilitoka nje bila viatu. Nilikaa chini yake. Upepo unapita kwenye ukindu, jua halipiti. Linachuja, linakuja la rangi ya asali, laini usoni. Nilikuja nikiwa na nia ya kutafuta kasoro. Nimekizunguka mara nne. Nimevuta vitanzi, nimetikisa mianzi. Sikupata hata moja, na nikajikuta nafurahi kwamba sipati. Nilimuuliza alijifunza wapi. Akasema kambini. Mto ukijaa haukuambii kesho utahama, kwa hiyo mtu analala chini ya kitu anachoweza kukibeba kichwani akiwa na mtoto mgongoni. Kilichobaki, akasema, ni mapambo.

Watu walikuwa wamejaa wakitazama. Hata Padre alikuja. Alitazama majamvi, akatazama mianzi minne, akamtazama Mama Balbina.

Mianzi minne, kama miti ya mwavuli. Nadhani tuliona wote kwa wakati mmoja.

Alhamisi, 20 Juni. Sikukuu ya Ekaristi

Nilitangulia na fimbo ya mbuzi. Sikutakiwa kugeuka nyuma. Niligeuka.

Nimeyaona maandamano haya tangu nikiwa mgongoni kwa mama, na sijawahi kuyaona mazuri hivi. Masista walikuwa wametia ua la bustani kila pembe ya jamvi. Chini yake mwanga wa asali ukimwagika juu ya Padre, juu ya dhahabu aliyoibeba, juu ya ndevu zake. Wanawake wa kambi za uvuvi, waliozoea kukaa nyuma, walisogea mbele wenyewe. Jamvi ni lao. Walijua kila mshono. Waliimba kuliko kwaya. Wengine walilia, nami nililia, na mbuzi mmoja akapita akala maua.

Mti wa mbele kulia, wa baba yangu, uliachwa bila mtu mpaka dakika ya mwisho. Padre alimpa Bwana Hermenegildi. Alivua kofia. Alitembea akitazama mbele, taratibu, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Iliniuma kama kidonda. Lakini baba angekuwa hai, asingelalamika jinsi alivyoubeba.

Mama Balbina hakuandamana. Alikuwa amesimama kando ya njia na watu wengine. Jamvi lake lilipofika akapiga magoti.

Ijumaa, 21 Juni

Bwana Hermenegildi amechagua. Bila shaka kivuli ni cha Mama Balbina, na kiti cha mbele ni chake. Alimwambia uani kwake, mbele yangu, mbele ya Rosa. Nilijitahidi kutabasamu. Mashavu bado yanauma.

Mama Balbina ameshukuru, akakataa. Mpunga wake uko shambani na haujivuni wenyewe, na huko wanakokwenda yeye alishakwenda akiwa na miguu mizuri zaidi. Kivuli wachukue. Padre ameomba kimoja, atamsukia kingine. Kisha akanielekezea kidevu. Akasema wamchukue huyu. Ana mikono yenye nguvu, hana uvivu, na moyo wake ni mzuri. Ubaya wake uko sehemu moja tu, nayo ni pale anapofikiri.

Hakuna mtu aliyewahi kunisemea vizuri hivyo.

Bwana alinitazama. Nadhani aliwakumbuka ndege, na mkuyu, na povu la sabuni. Serafina alimnong'oneza kitu. Mwishowe akasema sawa, kwa sharti moja. Kivuli nikitandaze na nikikunje. Nisiongeze kitu. Nisipunguze kitu. Siku nitakapokigusa kwa nia ya kukitengeneza, siku hiyo hiyo narudi Ifakara kwa miguu.

Nimeapa. Mama Balbina alinifundisha vitanzi mpaka jua likashuka. Nimejifunza. Kweli nimejifunza. Nimeona mwenyewe wiki hii kwamba kitu kikiwa chepesi na rahisi ndivyo kilivyo kamili, na hilo sitalisahau kamwe.

Jumamosi, 22 Juni

Ninasafiri! Naandika nikiwa kiti cha mbele, herufi zinaruka. Tulipoondoka Rosa aliegemea dirisha akanipa vitumbua kwenye jani, akasema nisiwaaibishe. Kisha akageuza uso haraka. Sikutegemea hilo kutoka kwa Rosa. Niliwapungia watu wa zile nyumba kumi na moja. Wengine walidhani nilishaondoka zamani.

Idete tumefika mchana. Nimekitandaza kivuli kabla Serafina hajawasha jiko. Bwana amenishika bega. Amesema: “Vizuri, kaka.” Kaka!

Jumapili, 23 Juni. Idete

Siku njema mno. Watu wamepanga mstari tangu asubuhi, wanapigwa picha macho wazi. Wote wanasifu kivuli. Bwana Hermenegildi anawaambia ni kazi ya Mama Balbina wa Ifakara, na kwamba msimamizi wake ni mimi. Nilisimama pembeni nikishika mwanzi ingawa haukuhitaji kushikwa. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama hii.

Sasa ni saa tisa. Bwana na mkewe wamekwenda kunywa chai kwa katekista. Nimebaki peke yangu na kivuli. Nimelala chali chini yake, nakitazama, nakistaajabia. Hakina kasoro hata moja. Mama Balbina ni mwanamke mkubwa.

Isipokuwa katikati, pale majamvi mawili yanapokutana. Hapo kimeinama kidogo sana, upana wa kidole. Mtu asiye fundi hawezi kuona. Ukikata mshono huo tu, ukaingiza nguzo moja ya wastani, ukaifunga vizuri, kitapanda juu kama kanisa. Watakaa watu ishirini. Na huku si kuongeza wala kupunguza. Ni kunyoosha.

Nguzo nimeshaipata, iko nyuma ya shule, inahitaji watu watatu tu kuibeba. Kisu cha Serafina kinakata vizuri mno, nusu ya mshono tayari. Bwana akirudi hataamini macho yake.